Mkono wa Jumapili

Jumapili hiyo, kama Jumapili nyingine zote alizojaaliwa uzima, Nicanor alianza kulia kabla Pasta Griffins hajamaliza hata sala ya kufungulia mahubiri. Wala hakulia kwa kwikwi za kitoto. Alilia kiutu uzima, kichwa kimeinama, mabega yakitikisika taratibu, leso nyeupe iliyopigwa pasi ikipanda na kushuka. Wageni waliokaa nyuma yake waliulizana kwa macho ni nani huyu mja aliyebarikiwa namna hii. Wenyeji wakawanong'oneza, kwa fahari kidogo, kwamba huyo ni Ndugu Nicanor wa bandarini, na kulia ndiyo karama yake.

Kanisa la Chemchemi ya Toba lilikuwa ghorofani, nyuma ya Marikiti, juu ya ghala la muuza viungo. Wenye midomo yao walisema chozi la kanisa lile halingoji Roho, langoja tu mtu wa chini afungue gunia la pilipili. Lakini huko ni kumwonea Nicanor. Pilipili iliwapanda wote puani, na wengi waliishia kupiga chafya. Yeye aliguswa. Hilo ndilo neno lake, "nimeguswa," na alilitamka kwa sauti ya mtu aliyetoka kushusha mzigo.

Pasta Griffins, mtu mwembamba ndani ya suti pana, aliijua thamani ya machozi hayo. Kila alipofika mwisho wa mahubiri aliuliza, "Ni nani atainua mkono wake leo, amwambie Bwana nimekusikia?" na mkono wa kwanza ulikuwa wa Nicanor. Ukishapanda huo, mingine hufuata, kama wageni kwenye sinia wanaongoja mmoja aanze kula. Jambo dogo tu ndilo lililokuwa limebaki. Kwa miaka yote hiyo Nicanor hakuwa amebatizwa. Pasta hakumzamisha mtu majini kabla ya kile alichokiita kutengeneza: uliyemwibia ukamrudishie, uliyemsingizia ukamtakase mbele za watu, ndipo uje ufukweni na nguo za kubadilisha. Na kila kanisa lilipopanga kwenda ufukweni, Nicanor alishikwa na mafua. Mafua yake yaliijua ratiba ya ubatizo kuliko katibu wa kanisa.

"Roho hana haraka," alikuwa akimwambia mkewe Eddah, akijifunika shuka.

"Hana," Eddah alikuwa akijibu. "Nawe pia huna."

*

Walikuwa wamepanga vyumba viwili juu ya duka la makufuli la Bwana Kasam, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Bi Maleka, mke wa Kasam, alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele, rida yake ya rangi ya waridi imemfunika kutoka kichwani mpaka miguuni. Alipowaona wanatoka kanisani aliinua uso.

"Eddah, leo amelia?"

"Amelia, Bi Maleka."

"Mashallah. Sana?"

"Leso yaweza kukamuliwa."

"Basi wiki hii tutalala salama," akasema Bi Maleka, akarudi kwenye mchele wake. Nicanor alipita akitabasamu kwa unyenyekevu. Alidhani anasifiwa.

Juu ngazini alikuwa amekaa Auma, mke wa Odera. Nicanor alipomwona, mguu wake ulisita kidogo hewani kabla haujaikanyaga ngazi. Odera alikuwa mwenzake pale ghalani Shimanzi. Nicanor aliendesha foklifti, na Odera alisimama mbele kumwongoza kwa mikono, maana dereva aliyebeba mzigo mrefu haoni njia, huona mzigo tu na mkono wa anayemwongoza. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu ujana, mpaka siku masanduku ya vigae yalipoporomoka yakauponda mguu wa Odera. Vidole viwili vilikatwa. Kisha kazi nayo ikakatwa, kwa sababu ripoti ya dereva ilisema: "Sikuona ishara yoyote."

"Karibu, shemeji," akasema Nicanor. "Mbona wakaa ngazini? Mgonjwa yuaendeleaje?"

"Anajikokota." Auma hakuingia ndani mpaka Eddah alipomshika mkono. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba wake kifuani. "Sikuja kukaa, Baba Sheryl. Jumatano wanamsikiliza rufaa. Wamesema waliokuwapo wote wafike, na wewe umo."

"Nitafika. Nitafikaje nisifike?"

"Si kufika tu." Auma alimtazama usoni. "Odera asema aliinua ngumi. Hivi." Akanyanyua mkono wake wa kulia, kiwiko kimenyooka, kiganja kimefumbwa, akautuliza pale juu. "Asema ngumi juu ni simama. Asema aliinua mpaka bega likamuuma, nawe ukaja tu. Yeye hasemi kwamba ulifanya makusudi. Asema tu, kama macho yako yalikuwa kwingine, useme yalikuwa kwingine. Huyo si ndugu yako? Watamrudisha kazini hata kama ni kukaa langoni aandike magari. Wakimkataa, nyumba imetushinda, tunarudi Ugunja. Na kule Ugunja, Baba Sheryl, mtu wa mguu mmoja atalima na nini?"

Eddah aligeuka kumtazama mumewe, na alichokiona kikamfanya aweke chini sufuria aliyoishika. Macho yalikuwa yamejaa. Kidevu kilikuwa kikitetemeka. Ulikuwa uso uleule wa kanisani, mara ya pili siku hiyohiyo, na hapa hapakuwa na mahubiri wala pilipili.

"Tuombe," akasema Nicanor.

Wakaomba. Nicanor alimwombea Odera mguu, akawaombea wakubwa wa kampuni hekima, akaiombea Ugunja mvua. Aliomba vizuri sana. Auma alipoondoka alikuwa ameshukuru mara mbili, na hakuwa ameahidiwa kitu.

*

Eddah alifunga mlango.

"Macho yako yalikuwa wapi?"

"Eddah, mtu hawezi hata kula kwanza?"

"Siku ile ya vigae. Yalikuwa wapi?"

Nicanor alikaa kitandani akaufunika uso. Yakamtoka yote, kwa mkupuo. Alikuwa ameegemeza simu kwenye usukani. Alikuwa akisikiliza mahubiri. Mhubiri alikuwa akisema kwa nguvu, na yeye akaguswa, machozi yakamjaa, akawa haoni mbele. Alipoyafuta, masanduku yalikuwa yameshamwagika na Odera yuko chini.

"Mahubiri ya nini?" akauliza Eddah.

"Eh?"

"Nauliza yalihusu nini."

"Toba," akasema Nicanor.

Eddah alicheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka kikamshinda, akajishika mbavu, akaegemea kabati, mpaka Bi Maleka akaita kutoka chini kuuliza kuna nini. Alipomaliza kucheka alijikuta analia, na machozi yake hayakuwa mazuri kutazama kama ya mumewe.

"Kwa hivyo ulikuwa unatubu huku unamponda mtu mguu."

"Usiseme hivyo. Na ripoti yangu haina uongo. Nilisema sikuona ishara. Kweli sikuiona!"

"Baba Sheryl."

"Sheryl yuko shule ya bweni. Wakijua habari ya simu, ni mimi nitakayekaa nyumbani. Umefikiria hilo? Tutakwenda wapi sisi?"

Eddah alikuwa amelifikiria. Aliipenda kazi ile kama mumewe alivyoipenda, aliupenda mshahara wake, alivipenda vyumba hivi viwili vyenye dirisha la kutazama Ndia Kuu, na alimpenda binti yake kuliko vyote. Lakini Auma ndiye aliyempokea Sheryl alipozaliwa, usiku hakuna gari, na kitovu kikafungwa kwa uzi wa shanga wa Auma mwenyewe.

"Nimelifikiria," akasema. "Nitauza mahamri. Nitafua nguo za watu. Sema tu ukweli, Baba Sheryl. Umelia miaka yote hii, basi mara moja tu machozi yako yamfae mtu."

Nicanor alimshika mikono. Alikuwa ameguswa vibaya sana. "Nitasema," akasema. "Mungu ni shahidi, Jumatano nitasema."

Na tusimwonee, alikusudia. Hakuna aliyemjua Nicanor aliyeweza kusema kwamba hakuwa na makusudio mema. Alikuwa nayo mengi kuliko mtu yeyote mjini. Aliposema "nitasema" moyo wake ulitulia kabisa, kana kwamba ameshasema, na akala ugali wote uliokuwa mezani.

*

Jumatano asubuhi Eddah alimpigia pasi shati la bluu na leso. Dukani chini Bwana Kasam alikuwa akipaka mafuta kufuli, miwani imemshuka puani.

"Nicanor bhai, umependeza! Waenda harusini?"

"Naenda kusema ukweli, Bwana Kasam."

"Arre! Na kwa kusema ukweli mpaka shati jipya?" Kasam alimgeukia mkewe. "Maleka, wasikia?"

"Nasikia," akasema Bi Maleka kutoka ndani. "Akiusema atuambie. Sisi kwetu, uliyemkosea Mungu ulie na Mungu. Uliyemkosea mtu, uende mlangoni kwake. Machozi hayamlipi mtu haki yake."

Nicanor alicheka kidogo, cheko la adabu, akaenda zake. Njia nzima mpaka Shimanzi alikuwa akirudia maneno atakayoyasema. Yalikuwa mazuri. Yalimliza mara moja, karibu na mzunguko wa barabara.

Kikao kilikuwa katika ofisi ya ghala, kwenye meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha plastiki. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ngala, mtu mpole mwenye haraka, na kando yake walikaa wakubwa wengine wa kampuni. Odera alikaa pembeni, gongo limelala magotini, mguu wake umevikwa soksi juu ya bendeji maana hakuna kiatu kilichoukubali. Nicanor alipoingia, Odera alimwitikia kwa kichwa. Hakumnunia. Ingekuwa nafuu kama angemnunia.

"Ndugu Nicanor," akasema Bwana Ngala, "ripoti yako inasema hukuona ishara. Bado ndivyo?"

"Ndivyo, bwana. Sikuona."

"Vizuri. Swali langu ni moja tu. Macho yako yalikuwa wapi?"

Lilikuwa swali lilelile, na karibu kwa maneno yaleyale ya Eddah. Nicanor alifungua mdomo. Maneno yote mazuri ya njiani yalikuwa yapo, yamejipanga. Alimtazama Odera, akaitazama ile soksi, na kitu kikaanza kumpanda machoni. Alijua kabisa ni kitu gani. Alikijua kama anavyoijua njia ya nyumbani.

"Yalikuwa mbele, bwana," akasema, na machozi yakaanza kumtiririka.

Watu wazima wale mezani walijisogezasogeza vitini. Bwana Ngala mwenyewe alivuta boksi la karatasi za kufutia, akamsukumia.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Twajua ni rafiki yako. Si rahisi kumtolea ushahidi rafiki." Kisha akawageukia wenzake kwa sauti ya chini, lakini iliyosikika, "Mwaona? Huyu ni mtu mkweli."

Odera aliliangalia gongo lake.

"Kabla hatujafunga," akasema Bwana Ngala, akikusanya karatasi, "kuna yeyote mwenye neno la kumsaidia Odera? Akiwapo, ainue mkono."

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma kwa kelele. Nicanor aliusikia mkono wake wa kulia pajani, mzito, una jasho. Ulikuwa mkono uliozoea kazi hii. Hakuna mkono katika mji mzima uliowahi kuinuka mara nyingi kama ule, kwa wepesi kama ule, mbele ya kanisa zima. Ungeinuka tu, na mengine yangefuata. Aliuangalia. Kisha akautumia kuchukua karatasi nyingine ya kufutia macho.

*

"Ulisema?" akauliza Eddah, kabla hata hajakaa.

"Nilishindwa, mama." Alikuwa mnyonge kweli. "Lakini nililia, Eddah. Nililia mbele yao wote. Bwana Ngala mwenyewe aliona."

"Aliona nini?"

"Aliona kwamba nina uchungu."

Eddah alimtazama kwa muda. Alipakua chakula, akamwekea mbele, akajifunga kanga yake ya kutokea.

"Waenda wapi?"

"Kwa Auma. Amenipigia simu, wamemkataa Odera. Anafunga vyombo. Jumapili jioni wanapanda basi." Alifika mlangoni akasimama. "Kula, Nicanor."

Hakuwa amemwita kwa jina hilo kavu tangu Sheryl azaliwe. Nicanor aliisikia tofauti hiyo, ikamchoma, akaweka kijiko chini. Baadaye kidogo akakichukua tena.

Alhamisi mpaka Jumamosi Eddah alitoka asubuhi na kurudi jioni na vumbi kichwani. Hakugomba. Hakumsemesha la kumtukana. Aliyaacha tu mambo fulani yasifanyike, na Nicanor aliyagundua mojamoja: chai haikuwa na tangawizi, viatu havikuwa vimefutwa, na Jumapili asubuhi, alipoingiza mkono mfukoni mwa koti, leso haikuwamo.

"Eddah, leso yangu?"

"Chafu."

"Hujaifua?"

"Kwani leo utalia?"

*

Siku hiyo Auma aliomba wapitie kanisani kabla ya safari, wakaombewe. Odera hakutaka. Alikuja kwa kumridhisha mkewe. Mguu haukumruhusu kujibana kati ya viti, kwa hiyo alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, ameegemea ukuta. Mizigo yao ilikuwa pale miguuni pake: mabegi mawili na sufuria kubwa iliyofungwa ndani ya kanga.

Chini ghalani walikuwa wamefungua magunia. Pasta Griffins alihubiri katikati ya chafya, na alihubiri kwa moto. Alisema juu ya mtu asikiaye na asitende. Alisema juu ya dhamiri inayobisha hodi mpaka vidole vinachubuka. Nicanor alilia tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuwa hakuwa na leso alijifuta kwa tai, halafu kwa mkono wa koti, kamasi ikabaki inang'aa pale. Eddah aliiona. Hakumpa chochote.

Na hapa ndipo ugumu wa kumcheka mtu huyu ulipo. Hakuwa akiigiza. Moyo ulikuwa ukimuuma kweli, kila neno lilikuwa likimwingia, na kama Pasta angemwuliza palepale yeye ni nani, angejibu bila kusita kwamba ni mwovu. Angejibu hata kwa sauti. Angelala vizuri sana usiku huo.

"Ni nani leo?" Pasta alinyoosha mkono juu ya watu. "Ni nani atainua mkono wake, aseme Bwana, nimekusikia?"

Mkono wa Nicanor ulipanda.

"Namwona ndugu yetu! Bwana asifiwe! Na nani mwingine?" Macho ya Pasta yalikimbia kiti kwa kiti mpaka yakafika mlangoni, yakang'aa. "Na ndugu yule wa nyuma! Mgeni wetu mwenye gongo! Namwona! Haleluya, leo ni wawili!"

Watu wote waligeuka kupiga makofi. Nicanor akageuka nao, mkono bado juu.

Odera alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kulia mpaka mwisho, kiwiko kimenyooka, kiganja kimefumbwa. Hakuutikisa. Hakuonyesha hasira. Alisimama vile alivyozoea kusimama kazini, akimtazama mtu mmoja tu, akingoja. Auma pembeni yake aliinamisha kichwa.

Hapakuwa na masanduku katikati. Hapakuwa na simu. Mwanga uliingia madirishani vizuri kabisa, na machozi yalikuwa yameshafutwa kwa koti. Nicanor aliiona ngumi. Aliiona vizuri, tangu kiwikoni mpaka vifundoni, na aliijua maana yake kabla ya kufikiri jambo jingine lolote. Akageuza uso mbele.

Eddah naye alikuwa ameiona. Alinyanyua mkono wake, akamshika mumewe kifundo cha mkono pale juu kilipokuwa.

"Shusha," akasema.

"Eddah, watu wanatazama."

"Shusha, Nicanor."

Alivuta. Nicanor alikaza kidogo, kisha mkono ukashuka, na Eddah akaubana magotini pake kwa mikono yake miwili, kama mtu anayezuia kuku. Pasta kutoka mbele alisema kwa upole, "Dada, usimzuie mtu aliyeguswa." Waumini wakaitikia amina.

"Nimeguswa, Eddah," akanong'ona Nicanor, machozi yakimdondoka mpaka shatini. "Wallahi leo nimeguswa."

Akainua wa kushoto.